Mshale mmoja kwenye karatasi

Wakuu, nipo kwenye daladala natoka kazini, ila hili siwezi kulala nalo.

Huu ni mwezi wa nne tangu nianze kujifunza usanifu wa mifumo, yaani kupanga jinsi sehemu za mfumo wa kompyuta zinavyofanya kazi pamoja. Wiki iliyopita mama mmoja alilipa ada ya mwanawe kwa simu kupitia mfumo wetu, akakatwa mara mbili. Shilingi 180,000, mara mbili! Alirudishiwa, lakini sauti yake ile siku alipopiga bado ninayo masikioni.

Siku tatu nimepitia programu yangu, kosa silioni.

Leo dada anayenielekeza akasema, "Funga kompyuta. Chora."

Nikachora visanduku vitatu: simu ya mteja, seva yetu (kompyuta inayopokea maombi ya wateja), mfumo wa malipo. Mishale ya kwenda, mishale ya kurudi.

Akagusa mshale mmoja wa kurudi kwa ncha ya kalamu.

"Huu ukipotea njiani?"

Nikanyamaza.

Pesa imeshakatwa, jibu halijafika. Seva yetu inasubiri sekunde 30, inadhani malipo yameshindikana, inatuma ombi upya. Mama wa watu anakatwa tena. Na kila mstari wa programu umefanya kile nilichouagiza!

Dawa yake: ombi lipewe namba yake ya pekee tangu mwanzo, likirudiwa liende na namba ileile. Mfumo wa malipo ukiiona tena, unarudisha jibu la kwanza bila kukata.

Karatasi nimeikunja, iko mfukoni. Kidoti cha wino kipo palepale kwenye mshale.

Mliotangulia, ninyi mshale gani uliwapotea? Nawasoma hapa chini.