Maji ya mlimani niliyapima kwa mpira wa fundi

Ushauri wa "chimba mtaro mnyoofu, maji yakimbilie bondeni" umeharibu mashamba mengi huku kwetu Misungwi, na mimi nilipewa huohuo. Shamba langu liko chini ya mawe. Anayeijua Mwanza anaelewa: mwamba haunywi maji, mvua ikinyesha yote inateremka kwa mkupuo, na udongo wetu wa kichanga hauna ubavu wa kuyazuia. Mtaalamu aliyeletwa alisimama kivulini, akaonyesha kwa fimbo kutoka juu mpaka chini. Tukachimba. Vuli haijaisha, mtaro wa magotini ukawa korongo ambalo ndama akitumbukia hatoki peke yake, na samadi niliyosomba kiangazi chote ikaishia ziwani kurutubisha magugumaji. Jirani yeye aliambiwa apange viroba vya mchanga. Jua likavila, vikachanika.

Aliyenifungua macho ni babu. Enzi za mkoloni Wasukuma walilazimishwa kulima matuta ya kufungwa, yaani kati ya tuta na tuta unaweka vizuizi vya udongo ili maji yatuame, kama walivyokuwa wakifanya kituo cha utafiti cha Ukiriguru. "Mjukuu wangu," akaniambia, "amri tuliichukia, lakini maji yalikuwa yanabaki shambani."

Basi nikaamua kuchimba makinga maji, yaani mitaro ya kukata mteremko. Shida ni kupata usawa, maana mstari ukiinama kidogo tu, maji yote yanakusanyika upande mmoja na kuvunja tuta. Nikamkumbuka fundi aliyenijengea nyumba. Mafundi wana ule mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, wanapimia levo ya msingi. Nikauazima. Nikachukua fito mbili, nikaweka alama kwa urefu uleule, nikafunga kila ncha ya mpira kwenye fito yake, tukajaza maji. Mwanangu akasimama kwenye kigingi cha kwanza, mimi nikasogea mbele na fito yangu, napanda kidogo, nashuka kidogo, mpaka maji yakagusa alama kwangu na kwake. Hapo nagonga kigingi. Mwanzoni vipimo vilikuwa vinagombana. Kumbe mpirani kuna mapovu. Inua mpira, uupigepige kwa vidole mpaka mapovu yote yatoke juu, ndipo uamini unachokiona. Tulipomaliza, vigingi vilikuwa vimezunguka shamba kwa mikunjo ambayo hakuna jicho lingeikadiria. Pale nilipoapa pana bonde, mpira ulionyesha ni juu.

Kuchimba ni jembe na sururu tu. Udongo tuliutupa upande wa juu, ile fanya juu ya Wakamba wa Machakos, Kenya, na juu ya tuta nikapanda mabingobingo, yale majani marefu ya malisho. Mizizi inashika tuta, majani wanakula ng'ombe.

Korongo nalo nililiwekea vizuizi vya mawe, kimoja chini ya kingine. Mawe ya chini yazamishe ardhini, ncha ziingie kwenye kingo, na katikati pawe chini kuliko pembeni. Ukipanga katikati juu, maji yatazunguka pembeni na kulipanua korongo zaidi. Tope sasa limejaa nyuma ya vizuizi, nimepanda migomba humo.

Gharama? Vibarua, ugali na dagaa wa mchana, sidhani kama ilifika laki tatu. Mpira sikulipia.

Masika yaliyofuata kulinyesha usiku kucha. Nilitoka na tochi nikakuta mitaro imejaa, maji yametulia kimya, hayaendi popote. Kesho yake mchana yalikuwa yameshazama. Yanayozidi yanatoka kwenye mdomo nilioujengea mawe, yanaingia kwenye jaruba langu la mpunga. Mdomo huo msiusahau, mvua kubwa lazima ipate pa kupitia. Mahindi yangu yalibaki kijani mvua ilipokatika, na nilifurahi mno.

Wanaotaka pingili za mabingobingo waje na panga na gunia, nagawa bure.