Kumbukumbu ya mradi: kilomita 14 juu ya maji, intaneti ya biashara mwambao wa Tanganyika

Vijiji vya mwambao kaskazini ya Kigoma mjini, upande wa Gombe, viko bara lakini vinaishi kama visiwa: nyuma mlima, mbele ziwa, mzigo unakuja kwa boti. Mkongo wa taifa unafika mjini. Kazi ni kuvusha kilomita 14 zilizobaki. Wateja ni wakala wa fedha, duka lenye mashine ya EFD (ya risiti za kodi), wanunuzi wa dagaa na nyumba ya wageni. Megabiti 20 zisizokatika zinawafaa kuliko 100 zinazopotea saa mbili asubuhi, mitumbwi ikiwa imeshashusha dagaa na pesa zinatumwa.

Wiki ya 1: hesabu

Redio za 5.8 GHz, sahani za 30 dBi (kipimo cha jinsi sahani inavyokusanya mawimbi) kila upande. Sahani ya mjini iko kilimani, mita 120 juu ya maji. Ya kijijini iko kwenye nguzo ya bomba ufukweni, mita 9.9 juu ya maji. Upotevu wa njia ni takriban 131 dB (desibeli). Redio tumeiweka 6 dBm tu (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi), jumla ya nguvu inayotoka ikawa 36 dBm, na upokeaji unaotarajiwa ni -65 dBm (namba ikikaribia sifuri ni bora). Sahani kubwa yenye nguvu ndogo ni bora kuliko sahani ndogo yenye nguvu kubwa, kwa kuwa sahani husaidia pia kusikia. Masharti ya masafa na nguvu yaulizwe TCRA (mamlaka ya mawasiliano) kabla ya kununua chochote.

Katikati ya njia mawimbi yanahitaji nafasi tupu ya mita 8 hivi chini ya mstari ulionyooka kati ya sahani mbili, na mpindo wa dunia unakula karibu mita 3. Nafasi ipo tele. Hapo ndipo wengi hufunga daftari.

Wiki ya 3: ziwa ni kioo

Mchana upokeaji ni -66 dBm, safi. Alfajiri hadi saa tatu asubuhi -83, na kasi inaanguka hadi megabiti moja au mbili. Nati zilikazwa, sahani zikalengwa upya, hakuna kilichobadilika. Kilichoonyesha njia ni upepo: ziwa likichafuka, signali inapanda, likiwa shwari, inakufa. Kwa kawaida mtu angetarajia kinyume.

Sababu ni kwamba sehemu ya mawimbi hugonga maji, kama kilomita moja kabla ya kijiji, na kufika pamoja na yale yaliyokuja moja kwa moja. Kwa pembe ndogo namna hii maji huyageuza kinyume. Tofauti ya urefu wa njia mbili ikiangukia idadi kamili ya mawimbi (wimbi moja ni sentimita 5.2), yanafutana. Kwa urefu wa kilima hiki, ukiondoa mpindo wa dunia, mashimo, yaani mahali mawimbi yanapofutana, yanakuja kila mita 3.3 kutoka usawa wa maji: 3.3, 6.6, 9.9. Sahani yetu tulikuwa tumeifunga shimoni kabisa. Kuiinua kidogo kuelekea angani hakusaidii, maana mwale wake wa redio una upana wa digrii 5 hivi na mawimbi hayo mawili yamepishana chini ya digrii moja.

Kushusha hadi mita 8.25, katikati ya mashimo mawili, kulirudisha -65 hata asubuhi shwari. Lakini kipimo ni kutoka majini, na maji ya Tanganyika hayatulii: hupanda mvua zikiisha, karibu na Mei, na kushuka hadi Oktoba au Novemba. Yakipanda sentimita 80 tu, sahani imeshafika nusu ya safari ya kurudi shimoni.

Wiki ya 5: sahani mbili

Tumeweka ya pili mita 1.65 juu ya ya kwanza, nguzo ileile. Moja ikiwa shimoni, nyingine iko kileleni. Kilimani redio ni moja, inahudumia zote mbili. Onyo: usizichomeke zote kama daraja kwenye swichi moja, data itazunguka kati yao bila mwisho na mtandao wote utaganda. Kila moja ipewe anwani yake na ruta ichague. Chaneli tumeipunguza kutoka MHz 40 hadi 20. Kelele zinapungua 3 dB na kasi bado inatosha.

Ruta haipimi kilima peke yake, kwani kilima kinaweza kujibu huku mjini hakuna kitu. Inapima anwani mbili za nje kila sekunde 10. Zote zikikosa mara tatu, inahamia modemu ya laini ya simu, na hapo wageni wanafungiwa ili EFD na miamala ipite.

Wiki ya 6: umeme na radi

Redio mbili, ruta na swichi: wati 32, yaani 768 Wh kwa siku. Betri ya lithiamu ya 25.6 V, 100 Ah, inabeba siku mbili na nusu bila jua. Paneli mbili za wati 275. Betri ikichajiwa hupita volti 28, kwa hiyo kati yake na redio kuna kidhibiti cha volti 24. Waya ni wa nje, wenye ngao, shaba tupu. Ule wa alumini iliyopakwa shaba ni rahisi sokoni, lakini unapoteza volti na redio hujiwasha na kujizima bila mpango. Vikinga radi viko ncha zote mbili, na fimbo ya ardhi imezikwa penye unyevu kwa sababu juu ni mwamba.

Kazi za kuzima mtandao zinapangwa siku za mbalamwezi kali, wavuvi wa dagaa wakiwa nchi kavu.

Mti wenye alama za rangi kila sentimita 10 umesimamishwa majini kando ya nguzo. Mlinzi anasoma kila Jumatatu. Namba hiyo inaandikwa pembeni ya dBm za sahani zote mbili hadi Mei.