Kalamu nyekundu waliishika waongoza ndege

Niliombwa kutengeneza programu ya mazoezi ya wanaojifunza kuongoza ndege kutoka mnarani, ili waweze kufanyia mazoezi hapa hapa Kisumu. Mwenye pesa alikuwa tayari ameshaipiga picha kichwani: skrini pana, rangi za kuvutia, karatasi zote zitupwe. Waongoza ndege wenyewe alitaka waitwe mwishoni, siku ya uzinduzi.

Nilimkatalia kwa adabu. Nikamsimulia ya Marekani, ambako mwaka 1988 mamlaka ya anga, FAA, iliipa kampuni ya IBM kandarasi ya mfumo mpya wa kuongozea ndege ulioitwa AAS. Mahitaji yakawa yanabadilika kila uchao, gharama zikapanda, na mwaka 1994 mpango ukavunjwa baada ya kumeza mabilioni ya dola. Baadaye ukaja mfumo mwingine wa FAA, STARS, na mwaka 1997 waongoza ndege wakalalamika kwamba madirisha yanayofunguka kwenye skrini yanafunika ndege. Yaani ndege iko hewani, nawe unatazama menyu! Ikabidi kurudi kurekebisha. Kanada, kwa upande wao, Nav Canada, shirika linaloongoza ndege huko, iliwaweka waongoza ndege ndani ya timu iliyotengeneza kwa kielektroniki stripu, vile vijikaratasi vyembamba vyenye habari za kila safari, na nchi nyingine zikaja kununua. Sidhani hadithi hizo zilimgusa sana. Kilichomgusa ni neno gharama. "Haya, waite," akasema.

Kuwapata nako kuna kazi yake. Mtu akitoka zamu anataka kulala, si mkutano. Na kupanda mnarani kumsumbua aliye kazini sikuthubutu hata kuomba. Nikampata mama mmoja, mwongoza ndege mstaafu anayekaa Milimani, naye akawaleta vijana wawili waliokuwa mapumzikoni. Niliwalipa kwa muda wao. Kwetu tumezoea kudhani utaalamu wa mtu hulipwa kwa chai na mandazi.

Sikuwauliza wanataka nini, maana ukiuliza hivyo utapewa orodha ndefu ya vitu ambavyo hakuna atakayevitumia. Nilibandika utepe mezani uwe njia ya kurukia, mwisho mmoja 06, mwingine 24, namba za uelekeo wake kwa dira. Vizibo vya soda vikawa ndege, na vipande vya manila vikawa stripu. Kisha nikawapa hali: ni saa tisa alasiri, upepo wa ziwa umeshageuka, kwa hiyo mnatumia 24 ili ndege ziukabili. Ndege ya abiria inatoka Nairobi kuja kutua, Cessna, ndege ndogo, inangoja kuondoka, na wingu jeusi limesimama upande wa Nandi, kule kule inakotokea ya kutua. Fanyeni kazi. Mimi nikawa natazama mikono.

Mama aliposema Cessna ingoje, aliivuta stripu yake nje kidogo ya safu, ikakaa mshazari. Alifanya bila hata kuitazama. Nikamuuliza.

"Nyathina, mwanangu, hiyo inanikumbusha nina deni na huyu rubani. Ukija kuninyooshea, nitamsahau."

Skrini aliyoiota mwenye pesa ingezipanga stripu zote kwa unyoofu, moja chini ya nyingine. Hivyo kwenye programu yangu stripu inavutwa mshazari kwa kidole, na hakuna kinachoinyoosha isipokuwa aliyeivuta.

Stripu nyekundu ilituletea ubishi. Gari likiingia njia ya kurukia kufukuza korongo, stripu hiyo huwekwa juu ya nafasi ya njia hiyo kwenye safu ya stripu ili mtu asije akamruhusu rubani kutua juu ya gari. Kijana mmoja alitaka kompyuta ikatae kabisa ruhusa yoyote hapo. Mama akamwambia: "Na akija mwenye injini iliyozima? Utabishana na kompyuta?" Tukakubaliana ionye kwa sauti na rangi, isizuie, na kosa libaki kwenye kumbukumbu ya mwalimu.

Jambo la dakika likawa gumu zaidi. Ndege ndogo kama Cessna ikiondoka nyuma ya Boeing 737 kutoka mahali pale pale, kanuni ya kimataifa inataka zipite dakika 2, kwa sababu ya misukosuko ya hewa inayoachwa na mabawa ya ile kubwa. Vijana walitaka saa ya kuhesabu chini kwenye skrini. Mama hakutaka: mwanafunzi ataikodolea saa asitazame nje ya dirisha. Mimi nilikuwa upande wa mama, na saa iko kwenye skrini ya mwalimu tu.

Kila toleo jipya nililichapisha kwenye karatasi na kuwapa kalamu nyekundu. Kitu kikikatwa na wawili kati ya watatu, hakirudi, hata mwenye pesa akikililia. Na alililia rangi zake. Zikabaki mbili za stripu, moja ya ndege zinazotua na nyingine ya zinazoondoka, pamoja na ile nyekundu.

Wanafunzi wameanza kuitumia, na sasa tunabishania sauti. Marubani niliowarekodi wanazungumza vizuri mno, kama wasoma taarifa ya habari. Waongoza ndege wanataka mkwaruzo wa redio, na marubani wawili wanaobonyeza kitufe kwa wakati mmoja hadi hasikiki yeyote. Mama amejichagulia kuwa rubani mwenye mafuta kidogo na maneno mengi, na kijana wa kurekodi anakuja Jumamosi.