Povu Linalorudi Kinywani mwa Mtoto Mchanga

Katika wodi ya wazazi, mtoto mchanga akitokwa na mate mengi na kupumua kwa shida, neno la kwanza kusikika ni kwamba amekunywa maji machafu ya uzazi. Mara nyingine huwa kweli, lakini katika mwaka wangu wa kwanza wa ukunga nililikubali neno hilo upesi mno. Nilimfuta mtoto povu mara tatu, nikamsaidia mama kumweka titini, na baada ya mafunda machache mtoto akapaliwa, maziwa yakamtoka puani na midomo ikageuka buluu.

Umio wake, yaani mrija wa kupeleka chakula tumboni, ulikuwa umeishia njiani. Kasoro hii, inayompata takriban mtoto mmoja kati ya 2,500 hadi 4,500, ina sura kadhaa, na iliyozoeleka zaidi, karibu asilimia 85, ni ile ambayo kipande cha juu cha umio kimezibika kama kifuko ilhali cha chini kimeungana na bomba la hewa. Mate hayana pa kwenda isipokuwa kurudi mdomoni au kumwagikia njia ya hewa, na tindikali ya tumbo nayo hupanda hadi mapafuni. Kadi ya kliniki ya mama ilieleza kwamba maji ya uzazi yalikuwa mengi kupita kiasi, dalili ambayo hutokea kwa sababu mtoto aliye tumboni hawezi kuyameza. Sikuwa nimeisoma.

Tangu hapo, povu likirudi baada ya kufutwa, simruhusu mtoto anyonye kabla sijajaribu kupitisha mpira wa kulishia hadi tumboni, kazi ya dakika chache tu. Ukikwama kwenye sentimita 10 hadi 12 hausukumwi kwa nguvu. Eksirei itauonyesha umejikunja ndani ya kifuko. Wakati rufaa ikiandaliwa, mtoto halishwi kwa mdomo, huinuliwa kichwa, hufyonzwa mate mara kwa mara, huwekewa dripu na kutunziwa joto, kwani upasuaji unaweza kungoja kidogo, lakini mapafu yaliyokwisha kuingiwa na maziwa hayawezi.

Ipo sura nyingine, adimu, ambayo umio ni mzima ila una tundu dogo la kuingilia njia ya hewa. Hapo mpira hupita bila taabu, na mtoto huweza kutibiwa nimonia mara kadhaa kwa miezi bila mtu kushuku. Ndiyo maana mimi humwuliza kwanza mama wa mtoto wa namna hiyo kama kikohozi huanza wakati wa kunyonya.