Shahidi mkweli anayekosea

Shahidi mwongo hanitishi kama shahidi mkweli aliyekosea. Huyu wa pili haangushwi na maswali ya wakili, maana anaamini kila anachosema. Ronald Cotton alihukumiwa kwa ubakaji huko North Carolina, Marekani, mwaka 1985 baada ya mwathiriwa kumtambua. Kipimo cha DNA kikaonyesha kwamba siye, akatoka gerezani mwaka 1995.

Mengi huharibikia kwenye gwaride la utambulisho, pale polisi wanapompanga mtuhumiwa kati ya watu wengine ili shahidi amtambue. Ukimpanga mtuhumiwa mwenye ndevu kati ya watu wasio na ndevu, umeshampa shahidi jibu. Mtuhumiwa awe mmoja tu, na wanaopangwa naye wawe watano au zaidi, wote wakilingana na maelezo ya kwanza ya shahidi. Anayeendesha gwaride asijue mtuhumiwa ni yupi, kwani hata kutikisa kichwa kunatosha kumwelekeza mtu. Shahidi aambiwe wazi kwamba mhalifu huenda hayumo. Asipoambiwa, atamchukua anayefanana naye zaidi.

Akishachagua, aulizwe papo hapo ana uhakika kiasi gani, na maneno yake yaandikwe yalivyo. Hapa ndipo ninaposhikilia sana. "Nadhani ni huyu" ya kituoni hugeuka "sina shaka hata kidogo" mahakamani, hasa akishaambiwa kwamba amepatia, na hakimu husikia kauli ya mwisho tu.

Mtuhumiwa huyohuyo asionyeshwe tena kwa shahidi yuleyule, wala picha yake isitangulie gwaride. Sura iliyokwisha kuonekana huchanganywa na sura ya tukio. Mawakili wa utetezi, ombeni rekodi ya gwaride na maelezo ya kwanza kabla ya kesi kuanza kusikilizwa.