Pingili za njano na za buluu

Mwaka 2016 nilikuwa mchoraji wa mitambo katika karakana moja mjini Morogoro. Kati ya kazi zote nilizofanya pale, sijaipenda nyingine kama kipandishio cha mahindi. Mteja wetu, mama mwenye mashine ya kupukuchua, alitaka mahindi yapande yenyewe hadi mdomoni mwa mashine, yakisukumwa na vibao vilivyofungwa kwenye cheni. Cheni alikwisha kuinunua, pamoja na sproketi mbili, yaani magurudumu ya meno yanayoizungusha cheni, kila moja ya meno 12. Sharti lake lilikuwa moja.

"Hiyo michoro ya karatasi siielewi, mwanangu. Nionyeshe kikitembea."

Nilikuwa natumia SolidWorks, programu ya kompyuta ya kuchorea mitambo, ambayo tangu toleo la 2015 ina amri maalumu ya kupanga cheni. Ukitazama kwa haraka, cheni ni kitu kimoja kinachojirudia. Kumbe ni vitu viwili vinavyopokezana: pingili ya ndani yenye rola, na ya nje yenye pini. Ndiyo maana cheni ya kawaida hufungika vizuri ikiwa na pingili za idadi shufwa. Nilichora moja ya kila aina, pini hadi pini milimita 19.05, yaani robo tatu ya inchi. Za ndani nikazipaka njano, za nje buluu, ili macho yangu yasizichanganye.

Kisha nikachora njia: mistari miwili iliyonyooka na nusu duara mbili, kila moja ya kipenyo cha milimita 73.6. Shafti mbili niliziweka umbali wa milimita 1,524, hesabu ikaja pingili 172, kibao kimoja kila baada ya pingili nne. Hapo ndipo cheni ilipogoma kufunga. Nilipozipanga pingili kwa kupima umbali juu ya njia, mwishoni palibaki pengo la milimita 2.6, na kwenye kona pini hazikuingia matunduni mwake. Nililitazama pengo lile muda mrefu, na jibu lake bado linanifurahisha hadi leo. Cheni haifuati duara. Kila pingili ni chuma kilichonyooka, kwa hiyo juu ya sproketi ya meno 12 inakunjika kuwa umbo la pande 12, na pande hizo kwa jumla ni fupi kuliko mzingo wa duara. Nikachagua namna nyingine ya kupanga, ile inayoziweka pini zote mbili za kila pingili juu ya njia na kuishikiza pingili inayofuata kwenye pini ya iliyotangulia. Pengo likafungika. Nikaiburuta pingili moja kwa kipanya na zote 172 zikaondoka, vibao vikipanda, sproketi ikigeuka nyuzi 30 kwa kila pingili iliyopita.

Kompyuta ilikuwa nzito na picha ikakatika-katika, lakini watu waliacha kuchomelea wakaja kuangalia.

Miongoni mwao alikuwapo fundi wetu mkubwa, mzee aliyekuwa ametengeneza mitambo ya mashamba ya mkonge kabla sijazaliwa. Alisimama nyuma yangu kimya. Halafu akaweka kidole kwenye kioo.

"Jino hili, kijana. Mbona linapata njano kila likizunguka?"

Nilizungusha tena. Kweli: jino lile liliingia ndani ya pingili ya njano, mzunguko baada ya mzunguko, na jirani yake ya buluu tu. Meno 12 ni shufwa, pingili 172 ni shufwa, basi kila jino lingekutana na aina ileile ya pingili maisha yake yote.

"Yatalika kwa zamu mbaya," mzee akasema. "Weka meno 13."

Ushauri huo umo vitabuni pia, kwamba cheni ya pingili shufwa ipewe sproketi ya meno witiri ili ulaji usambae. Yeye aliusoma kwenye rangi, ndani ya dakika chache.

Meno 13 yalileta kazi mpya. Kwa umbali uleule wa shafti, hesabu ilitoka pingili 173, na witiri haifungiki bila pingili ya kuungia ambayo ni dhaifu kuliko nyingine. Nikaisogeza shafti ya chini karibu kwa milimita 9.5, nusu ya pingili, tukarudi kwenye 172 na vibao vyetu 43. Mama aliiona ikitembea, akauliza maswali mengi kuhusu vibao na moja tu kuhusu bei ya sproketi mpya, akakubali.

Mashine ilipoungwa, mzee hakuruhusu mota iwashwe. Alipaka rangi nyeupe pingili moja na jino lililoingia ndani yake, akaanza kuzungusha kwa mkono. Cheni ilipomaliza mzunguko wake wa kwanza, pingili nyeupe ilikaa kwenye jino jingine, la tatu kutoka lile lenye rangi. Akazungusha tena, likaja la sita. Aliendelea, akihesabu kwa sauti, hadi pingili ile ilipokwisha kuyapitia meno yote 13 na kurudi kwa mwenzake, ndipo akaniambia niunganishe umeme.