Kutoka Nashville mpaka Stovall kumtafuta John Work

Shemeji aliniuliza, yaani tuendeshe zaidi ya kilomita 400 kwenda kuangalia shamba la Stovall, alipoishi Muddy Waters yule mwimbaji wa blues, na nyumba yenyewe haipo? Nikamwambia we endesha tu, mafuta juu yangu.

Tulianzia palepale Nashville, chuo cha Fisk. Jubilee Hall ni jengo la matofali lina mnara, lilimalizika 1876, na hela yake iliimbwa, sitanii. Kuanzia 1871 wanafunzi weusi, wengi wao walizaliwa utumwani, walizunguka Marekani mpaka Uingereza wakiimba nyimbo za dini za watumwa ndo chuo kikapona. John Wesley Work wa tatu alifundisha muziki hapo miaka na miaka, na baba yake kabla yake alikusanya nyimbo hizohizo hapohapo.

Stori yenyewe sasa. Aprili 1940 ukumbi wa dansi uliungua Natchez, Mississippi, wakafa watu zaidi ya 200, weusi. Work akawaza hivi, msiba mkubwa namna hii watu watautungia nyimbo, mtu aende akazirekodi. Akaandika pendekezo lake, Maktaba ya Bunge kule Washington ikaingia na mashine ya kurekodia, ikamleta Alan Lomax, mkusanyaji wake wa nyimbo za kienyeji, mradi ukahamia kaunti ya Coahoma, Mississippi hiyohiyo. Na huko ndo mpaka leo ukiuliza nani alirekodi utaambiwa Lomax, Lomax, Lomax. Simnyimi haki yake, kazi kafanya, ila wazo halikuwa lake bana.

Baada ya Memphis tukashika barabara ya 61. Delta, ule ukanda wa mashamba wa Mississippi, ni tambarare mpaka unachoka, pamba kulia pamba kushoto. Clarksdale tukanunua tamale, unga wa mahindi una nyama ndani umefungwa kwenye ganda la hindi, shemeji akatafuna akasema huu ni ugali uliosafiri. Alikula sita.

Kibanda cha Muddy Waters wamekihamishia makumbusho ya Delta Blues hapohapo mjini, mbao zimepauka, kidogo kuliko nilivyodhani. Agosti 1941 kilikuwa bado shambani Stovall, Muddy mwenyewe anaendesha trekta, jina lake halisi McKinley Morganfield, Work na Lomax wakamkuta wakamrekodi. Halafu ile kazi ya kukaa na zile sahani za santuri kusikiliza, kurudisha, kusikiliza tena na kuandika noti moja moja, hiyo alifanya Work. Rasimu yake ikapotea. Kafariki 1967 hajaiona ikichapwa. Lomax akatoa kitabu chake 1993, humo Work kapitiwa juujuu tu, na makaratasi yenyewe yakaja kuonekana baadaye New York kwenye nyaraka za Lomax, yakachapwa 2005. Mi hapo huwa nanyamaza kwanza.

Kutoka mjini kwenda Stovall si mbali, ni mashamba tu, tukapaki penye kibao. Nyumba hakuna kweli, shemeji akaniangalia, sikumjibu. Nikaweka ile rekodi ya 1941 kwenye spika ya gari. Muddy anaulizwa wimbo ulikujaje, anasema alikuwa anaziba pancha ya gari na kuna mwanamke alikuwa amemtenda, wimbo ukamzunguka kichwani. Shemeji akacheka mpaka akashika usukani, "Kumbe fundi pancha!" Akaanza kunielezea fundi wa kwao Mbagala anayeimba taarabu huku anapima tairi kwenye beseni la maji, stori ndefu hiyo, akaniacha mi natega sikio.

Maana kwenye yale mahojiano anayeuliza si mtu mmoja. Kuna Lomax, na kuna mwingine, mpole.

"Rudisha," shemeji akasema. "Huyo wa pili nani?"

Nikarudisha.